Msimu Mwani Ulipogeuka Barafu

Jumatatu, 14 Machi

Merhama ametugawia madaftari. Kijiji kizima tumepewa watu watano tu, na mmoja wao ni mimi. Nimehakikisha kila nyumba ya nguzo kwenye daraja letu la juu ya maji imelijua hilo kabla ya adhuhuri. Merhama ni binti wa chuo cha uvuvi kule Bongao, anachunguza kwa nini mwani unaugua. Kila siku nichovye kipimajoto baharini, niandike joto la maji, upepo, mvua, na hali ya mwani wangu. Mstari mmoja, basi. Kurasa za mbele ni zake. Lakini daftari ni nene, na mimi Nurmina si mtu wa kuacha karatasi nzuri ikae bure, kwa hiyo nimeligeuza. Huku nyuma ni kwangu.

Leo tumekata taitai, vikamba vya kufungia matawi ya mbegu, na kusafisha kamba za msimu uliopita, mimi na wifi yangu Tarhata, dada wa mume wangu Jumdail. Mimi nikimaliza kamba mbili, yeye kamaliza tatu. Na mdomo wake hivyo hivyo.

"Wifi, fundo hilo umelikaza mno," akaniambia. "Mbegu haifungwi kama mwizi. Iachie ipumue."

Ana miaka hamsini na nne, mjane wa mwaka wa sita, na kwa maelezo yake mwenyewe hajawahi kukosea kitu.

Jumatano, 16 Machi

Maji nyuzi 29. Samaki wangu wa kuchoma wameliwa wote. Jumdail anasema ni paka. Hatuna paka.

Jumanne, 22 Machi

Sijui nianzie wapi. Tarhata ameposwa!

Wajumbe wanne walikuja kwa mama mkwe, Hadja Imlani, na sinia la keki na mafumbo yao. Mkubwa wao akasema, "Tumepita tukaona ua zuri katika nyumba hii."

Mama mkwe akawatazama mmoja mmoja. "Ua gani? Humu ndani nimo mimi, na mimi nimeshanyauka."

Tarhata akapaza sauti kutoka jikoni: "Mama, waambie ua limekubali! Wasije wakaondoka na keki!"

Na mposaji ni nani? Bensali, fundi wa mashua. Ana miaka sitini, meno manane, na kijiji kizima kinamwita Barafu.

Jina hilo nililitunga mimi. Miaka mitatu iliyopita mwani wa kijiji uliugua. Tawi linapauka, linakuwa jeupe na kung'aa kama kipande cha barafu, kisha linakatika na kwenda na maji. Tunauita ugonjwa wa barafu. Mwaka ule ulianzia kwenye kamba za Bensali, ukamaliza mashamba yote. Siku moja tulikuwa tumepanga foleni kungoja mashua ya maji ya kunywa kutoka Sibutu, tumechoka, tuna hasira, naye akatokea. Nikasema kwa sauti, "Huyo anakuja Bwana Barafu, shikeni vikombe!" Watu walicheka mpaka galoni zikaanguka baharini. Jina likaganda. Bensali akang'oa vigingi vyake, hajapanda mwani tena.

Sasa atakuwa shemeji yangu. Harusi ni Jumamosi ya tarehe 28 Mei, baada ya mavuno na kabla ya Ramadhani.

Jumatano, 23 Machi

Nimemwambia Jumdail kwamba dada yake anatuaibisha. Bibi mzima kuvaa gauni la harusi!

"Mwache dada yangu," akasema. "Wewe ulinichukua mimi nikiwa na meno yote. Umefaidi nini?"

Alhamisi, 31 Machi

Kufunga mbegu kutwa nzima. Vidole vimevimba. Tarhata ameimba kutwa nzima pia, ana sauti ya injini inayokataa kuwaka. Kesho tunazitandaza kamba majini. Shamba langu liko upande wa juu wa mkondo, lake linafuata, kisha ya wengine mpaka kwa jirani yetu Gapar kule mwisho karibu na mwamba.

Jumatano, 6 Aprili

Merhama amekuja na kikapu cha chupa, akakata vipande vya mwani huku na huku. Nikamuuliza, "Mwanangu, ugonjwa wa barafu hasa unaletwa na nini? Wengine wanasema wazee wa zamani wametukasirikia, wengine wanasema ni mafuta ya injini."

"Ni bakteria, Mama Radzmil. Ni viumbe wadogo mno, macho hayawaoni."

"Wanatoka wapi?"

"Hawatoki popote. Wamo majini siku zote. Hata kwenye huo mwani ulioushika wamo."

Nikauachia. Akacheka sana.

"Mwani wenye nguvu hauwajali. Lakini maji yakipata joto kupita kiasi, au mvua ikazimua chumvi, mwani unadhoofika. Hapo wanaingia, wanazaana, wanalila tawi mpaka linapauka. Na kipande kikikatika kinakwenda kwa jirani kimebeba ukoo mzima."

"Kwa hiyo anayeanza kupatwa hana kosa?"

"Kosa gani? Maji yake yamepata joto mapema, basi. Kosa ni kunyamaza. Ukiona weupe, usiutupe baharini. Upandishe juu ukauke, na useme siku hiyo hiyo."

Nikaitikia kwa kichwa kama mtu mwenye hekima. Bensali alikuwa chini ya baraza anaziba ufa wa mashua ya Tarhata. Yote hayo aliyasikia, huku anagonga nyundo.

Jumamosi, 9 Aprili

Maji 31. Upepo hakuna.

Jumapili, 10 Aprili

Maji 31. Upepo hakuna. Mwanangu Radzmil amepiga simu kutoka kazini kwake ng'ambo, Sabah, anacheka kuhusu shangazi yake mpaka simu ikaisha chaji.

Jumanne, 12 Aprili

Maji 32. Upepo hakuna. Mama mkwe anashinda na miguu ndani ya beseni, anatuamrisha kama sultani.

Ijumaa, 15 Aprili

Maji 33. Upepo hakuna. Nilichovya mkono, ni kama chai ya asubuhi iliyosahauliwa mezani. Lakini mwani wangu ni mnene, watu wanapita na mitumbwi kuusifu. Mimi nawasaidia kuusifu.

Jumanne, 19 Aprili

Kamba ya tatu, tawi la saba. Jeupe.

Nililigeuza nikidhani ni mwanga wa jua. Ni jeupe kweli, sehemu ya urefu wa kidole, laini, linateleza. Nikalibinya likakatika lenyewe. Nilitazama huku na huku. Tarhata alikuwa mbali ameinama, anaimba. Nikakitupa kile kipande baharini, kikaelea, kikaondoka na mkondo. Huko kinakokwenda nilikuwa nakujua.

Nimerudi nyumbani nikaandika kule mbele: Maji 33. Upepo hakuna. Mwani mzuri.

Nasikia tayari watakavyoniita. Mama Barafu. Nimewafundisha mwenyewe.

Alhamisi, 21 Aprili

Matawi kumi na sita. Nimeyakata yote. Maji 33. Mwani mzuri.

Jumapili, 24 Aprili

Tarhata ameniita nimsaidie kupima gauni. Ni la njano, lina vifungo vya dhahabu mpaka kwenye viwiko.

"Wifi, niambie kweli. Ninaonekana kama embe?"

"Embe bivu."

"Bensali anapenda embe," akasema, akajizungusha mbele ya kioo kidogo kisichoonyesha zaidi ya shingo. Kisha akanishika mkono. "Unajua, nilidhani nitazeeka kwa kumsikiliza mama akikoroma. Sikujua kama mtu anaweza kungojea asubuhi tena."

Sindano ilinichoma kidole. Hakukuwa na haja ya sindano, nilistahili kisu.

Jumatatu, 25 Aprili

Maji 33. Nimeandika "mzuri" tena. Kalamu yenyewe inaona haya.

Alhamisi, 28 Aprili

Asubuhi Tarhata amekwenda Sitangkai kununua vyombo vya harusi. Nikapita shambani kwake. Kwenye kamba inayopakana na langu kuna weupe. Umetoka kwangu, umefika kwake.

Nilipiga kafi moja kwa moja mpaka kwa Bensali. Alikuwa anapiga randa ubao, maganda yamemjaa nywele.

"Asalaam aleikum, shemeji. Nimekuja kuhusu mwani."

"Umeanza," akasema. Wala hakuuliza.

"Umejuaje?"

"Mwanamke anayesifu mwani wake miaka ishirini, wiki hii nzima anasifu hali ya hewa."

Nikaanza kulia, pale pale katikati ya mbao. Akanisogezea kigoda.

"Kamba ngapi?"

"Zangu sita. Na moja ya Tarhata."

Akaiweka randa chini. "Anajua?"

"Hajui. Nimekuja kwako kwanza kwa sababu wewe unajua inavyokuwa."

"Najua." Akajifuta uso. "Mwaka ule niliuona asubuhi, nikawaambia watu adhuhuri. Jioni nilikuwa na jina jipya."

Sikuwa na pa kuweka macho. Nilikuwa nimeishi miaka mitatu bila kuliwazia jambo hilo. Mtu alisema ukweli siku hiyo hiyo, nami nikamlipa kicheko. Na leo mimi, niliyecheka, nimeshindwa kusema kwa siku tisa.

"Nisamehe, Bensali."

"Nilishakusamehe siku ile. Tena, kusema kweli, lilikuwa neno zuri. Kilichoniudhi ni kwamba nilitaka kucheka na mimi, ikawa haifai." Akaonyesha meno yake manane. Kisha akawa mkali. "Lakini Tarhata umwambie wewe, uso kwa uso, kabla ya wengine. Mimi sitakutangulia. Ila akiniuliza sitamficha."

Ijumaa, 29 Aprili

Nimesema.

Tarhata aliporudi asubuhi, hata mizigo hajaishusha, nilimweleza yote hapo gatini. Alichukua mtumbwi akaenda shambani peke yake. Aliporudi alikuwa amefunga vipande vyeupe kwenye ushungi wake, akavimwaga mapajani mwangu.

"Siku kumi," akasema. "Siku kumi, Nurmina! Nimekuvalia gauni langu, umenitazama machoni, umeniita embe!"

Ameniita kwa jina. Tangu niolewe sijawahi kulisikia jina langu kinywani mwake, ni wifi tu.

Baada ya sala ya Ijumaa nikasimama kwenye baraza la msikiti. Nikawaambia ugonjwa umeanza kwangu, niliuona tarehe kumi na tisa, nikauficha, tena nikautupa majini. Nikasema pia, "Na lile jina la Barafu nilimbandika mtu asiye na kosa, aliyefanya nilichoshindwa mimi. Mvueni jina hilo. Kuanzia leo ni langu."

Wengine waliguna, wengine walitukana kidogo. Gapar alitema mate baharini. Jumdail, ambaye sikuwa nimemwambia hata yeye, alikuja akasimama karibu nami, bega kwa bega, mpaka watu walipoanza kuondoka. Miaka yote hii nimemdharau mwanaume huyu kwa sababu ya samaki wa kuchoma.

Jumamosi, 30 Aprili

Merhama amefika mbio. Kabla ya yote nikampa daftari, nikamwonyesha kila palipoandikwa "mzuri" kwa uongo. Nilidhani atanifokea. Akatoa kalamu nyekundu.

"Rekebisha, mama. Siku kwa siku. Hesabu ya kweli iliyochelewa inanifaa kuliko ya uongo iliyowahi."

Nimekaa saa nzima naandika kwa wekundu: jeupe moja, kumi na sita, arobaini. Yeye amezunguka mashamba yote. Weupe uko kwa watu wanane. Anasema dawa ni moja: kung'oa kila kitu, kijiji kizima, siku moja. Mwani mgonjwa upandishwe ukauke. Ncha zilizo nzima zikatwe ziwe mbegu, zipelekwe mkondoni penye maji mengi yaendayo kasi, na zitundikwe chini kidogo, joto lisizifikie. Ikibaki hata kamba moja ya ugonjwa huku, tumepoteza mbegu za mwaka mzima.

Tarhata hajanisemesha.

Jumapili, 1 Mei

Mkutano. Kelele zilianza kabla ya dua.

"Mwani wangu hauna hata doa!" alisema Gapar. "Una mwezi mmoja tu majini. Niung'oe ukiwa mchanga kwa sababu ya mdomo uliofumbwa wa mtu mwingine?"

Ni haki yake, na nilimwambia hivyo. Merhama akamweleza kuhusu bakteria, akachora hata picha. Gapar akaitazama ile picha akasema, "Hao wadudu wako wanafanana na maharage. Siogopi maharage." Nusu ya watu wakacheka, na nusu iliyocheka ikaanza kuwa upande wake. Nikaona kijiji kinagawanyika kama kamba iliyooza.

Hapo Tarhata akainuka.

"Gapar, si wewe uliyeomba kupiga upatu harusini kwangu?"

"Ni mimi."

"Basi harusi ni Jumatano hii."

Hata mama mkwe, ambaye hasikii asipotaka, akageuka.

"Kung'oa mwani kunataka mikono yote ya kijiji siku moja," akasema Tarhata. "Harusi inataka midomo yote ya kijiji siku moja. Mimi sina uwezo wa kuwakusanya mara mbili. Jumatano maji ni ya bamvua, yatakupwa vizuri. Asubuhi mnavuna, alasiri mnakula. Kila mtu, kila kamba. Asiyelowa, hali!"

"Na wali wa manjano utakuwepo?" akauliza mtu.

"Utakuwepo. Na kuku. Kwa waliolowa."

Sauti ya Bensali ikatoka nyuma kabisa: "Mimi sijaulizwa."

"Una swali gani?"

"Nauliza nivae suruali ya kazi au ya harusi."

"Ya kazi ndani, ya harusi juu. Utavua moja adhuhuri."

Kicheko kilichotoka pale kilitikisa mbao. Gapar alijaribu kukaza uso, ukamshinda. "Nitalowa," akasema, "lakini kuku wangu awe paja."

Watu walipokuwa wanatawanyika Tarhata alinipita, akasimama, hakunitazama. "Unga wa mchele wa kunipaka usoni utausaga wewe, wifi. Usiwe na chenga."

Wifi.

Jumatano, 4 Mei

Vidole vyangu haviwezi kushika kalamu sawasawa, lakini nikilala bila kuandika nitakuwa mjinga.

Tulitoka baada ya sala ya alfajiri. Sijawahi kuona mitumbwi mingi hivyo. Hata imamu alikuja, kanzu ameikunja kiunoni. Maji yalipokupwa tulikuwa tumesimama hadi magotini, mstari mmoja kutoka shamba langu mpaka kwa Gapar, tunafungua kamba na kuzivuta. Niliomba tuanzie kwangu. Kamba yangu ya tatu ilitoka karibu tupu, imebaki taitai tu zinaning'inia. Jirani zangu waliiona, mimi nikaona wakiiona, na dunia haikuanguka. Mmoja akasema, "Haya, Mama Barafu, lete gunia." Nikaleta gunia.

Wanaume walipeleka magunia ya mwani mgonjwa kwenye baraza la zamani kule mbali. Sisi wanawake tulikaa ndani ya mitumbwi tukichagua ncha. Merhama alitufundisha, ingawa mikono yetu ilijua zaidi ya maneno yake. Ncha nzima ni ngumu, ina rangi iliyokolea, haitoi ute. Ukiwa na shaka, tupa kwenye gunia. Tarhata alikuwa mbele yangu, bibi harusi mwenye tope mpaka masikioni, na kwa mara ya kwanza tulifunga kwa mwendo mmoja, kamba kwa kamba. Kila nilipoinua macho alikuwa anakaza fundo, halafu analilegeza kidogo.

Lile shamba la Gapar, lisilo na hata doa? Kamba yake ya mwisho kabisa, chini chini, vipande vitatu vyeupe. Alivishika muda mrefu. "Maharage," akasema polepole. Akavitia guniani.

Kamba arobaini za mbegu Jumdail na Bensali walizipeleka mkondoni, wakazitundika na mawe. Na hapo ndipo harusi ilipotaka kuharibika. Alasiri imamu yuko tayari, kanzu imekauka, wali uko tayari, kuku amenukia mpaka msikitini, bwana harusi hayupo. Mkondo ulikuwa mkali, kamba tatu zilikuwa zinajivuruga, naye amekataa kuziacha. Watu wakaanza kutazamana. Tarhata alikuwa amekaa ndani, ameshavaa njano yake, nami nampaka nukta za unga kwenye paji la uso, moja moja, kwa ncha ya kijiti. Jasho lilikuwa linaziteremsha hadi kwenye nyusi.

"Amebadili mawazo," akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo.

"Bensali? Mtu aliyesubiri miaka mitatu katika kijiji kinachomcheka, leo kinampikia kuku, ndiyo abadili mawazo?"

"Wifi, mimi ni bibi mzee niliyevaa kama embe."

Nikaweka kijiti chini. "Nilisema hivyo hivyo baada ya posa, tena kwa maneno mabaya zaidi. Nilikuwa mjinga. Nakutazama hapa sasa, naona wivu. Tulia nikupake, unaharibu shavu."

Akaanza kucheka na kulia pamoja, nukta zote zikamwagika, nikaanza upya.

Kisha tukasikia injini. Bensali aliingia amelowa chapachapa, suruali ya harusi juu ya ya kazi kama alivyoagizwa, amesahau kuvua. Akakaa mbele ya imamu, maji yakamchuruzika mpaka kwenye mkeka wa shahidi. Alipoulizwa kama amekubali, akasema, "Nimekubali. Na kamba arobaini zote zimeshika." Imamu akasema la kamba halikuwa sehemu ya ndoa, lakini Alhamdulillahi.

Tulikula mpaka sufuria zikalia. Gapar alipiga upatu kwa vidole vilivyokunjamana kwa maji. Tarhata alicheza igal, ngoma yetu ya harusi, magoti yamekunjwa, mikono inafunguka polepole kama mwani majini, na hakuna aliyecheka. Halafu mama mkwe, miaka sabini na sita, akasukuma beseni lake pembeni, akaingia kati. Hapo tulicheka, na yeye ndiye aliyetaka tucheke.

Jumatatu, 9 Mei

Mvua kutwa. Maji 30! Nimeandika kule mbele na alama tatu za mshangao. Merhama atanigombeza kuhusu alama.

Jumatano, 11 Mei

Tumekwenda mkondoni kukagua. Kamba tatu zina weupe. Tumezivuta, tumezipandisha barazani, na kabla ya adhuhuri nyumba zote zilikuwa zimeambiwa. Mtoa habari ni mimi, nimetembea madaraja yote. Hakuna aliyenicheka. Mmoja alinipa muhogo wa mvuke.

Ijumaa, 13 Mei

Maji 29. Kamba moja zaidi. Tumeitoa. Sina usingizi mzuri.

Jumatatu, 16 Mei

Maji 29. Hakuna mpya.

Alhamisi, 19 Mei

Maji 29. Hakuna mpya. Mama mkwe anauliza kila asubuhi, "Maharage wameondoka?"

Jumapili, 22 Mei

Maji 29, upepo wa kusini. Kamba thelathini na sita, zote ngumu, zote zina rangi ya kahawia iliyokolea, zimenenepa maradufu. Jumdail alinyanyua moja akashindwa, akaanguka nayo majini. Nilicheka nikasahau kumwokoa.

Jumamosi, 28 Mei

Leo ndiyo ingekuwa harusi. Bibi harusi amekuja kwangu asubuhi kulalamika. Mume wake amepiga randa miguu ya kitanda, ya meza, na ya kigoda cha kuoshea, vyote sasa ni vifupi.

"Mwambie aache," nikasema.

"Nimwambie? Anaimba akifanya hivyo, wifi." Uso wake ulikuwa unawaka. Akanywa kahawa yangu yote, akaondoka.

Jumamosi, 4 Juni

Tumezirudisha mbegu kutoka mkondoni na kuzigawa. Nyumba zote zimepata sawa. Gapar alitaka kukataa fungu lake kwa sababu ya maneno aliyosema, Tarhata akamtupia gunia kifuani. "Chukua. Ukilia, lilia humo, mbegu zipate maji baridi." Na Bensali pia amechukua fungu. Amechonga vigingi vipya, amevipigilia upande wa juu wa mkondo, karibu na vyangu. Ameniambia wawili tunaona mapema kuliko mmoja.

Jumapili, 5 Juni

Kijiji kizima barazani tangu asubuhi, kila mtu na rundo lake la taitai. Merhama naye amekaa kufunga, mafundo yake ni ya kitabuni, Tarhata ameyafungua yote na kumwanzisha upya. Maji 28. Anga safi.

Kamba ya mwisho ilikuwa ya Bensali. Tulikwenda kuitandaza sote wanne, mashua mbili, Jumdail akishika mwisho mmoja na mimi mwingine. Ilipokaa sawa majini jua lilikuwa limeshazama, Tarhata akasimama ghafla hadi mashua ikayumba, akanyoosha kidole upande wa magharibi.

"Mwezi wa Ramadhani! Ule pale, mwembamba kama ukucha!"

Kelele zikapokewa kutoka mashua hadi mashua, kutoka daraja hadi daraja, mpaka upatu ukaitika msikitini.

"Twendeni nyumbani tukale," akasema Tarhata, akikamua maji kwenye sketi yake. "Tangu asubuhi tumefunga. Na kesho tunafunga tena."